Namna ya Kuusoma Mgogoro wa Uongozi katika Mbio za IndyCar

Mbio za magari ya magurudumu wazi nchini Marekani, yaani yale magari membamba ambayo magurudumu yake hayafunikwi na bodi na dereva huketi peke yake katikati, zimewahi kugawanyika, kupelekana mahakamani, kufilisika na kuungana tena, na kila hatua imeacha kidonda ambacho bado kinauma. Anayeanza kuzifuatilia leo husoma kwamba mkuu wa timu fulani amefukuzwa siku nne kabla ya mbio kubwa kuliko zote, au kwamba dereva mmoja ametangazwa na timu mbili ndani ya siku moja, na hushindwa kujua aanzie wapi. Makala haya yanaeleza utaratibu ninaoutumia kila mgogoro unapozuka. Nimeufikia baada ya miaka mingi ya kuuliza nani ana haki kabla ya kuuliza nani anamiliki nini.

Anza na karatasi moja

Chukua karatasi, uigawe safu tatu: mwenye uwanja, mwenye kanuni na mwenye timu. Andika majina ya mwaka unaoushughulikia, kisha tazama kama kuna jina lililojitokeza katika safu mbili. Likijitokeza, kiini cha mgogoro umekipata, hata kama wahusika wenyewe wanazungumzia injini, usalama au heshima ya mchezo. Katika siasa zetu tumezoea kuuliza kiongozi amevaa kofia ngapi, na swali hilo hilo ndilo linalofungua mlango huu.

Safu ya uwanja ijazwe kwanza, kwa sababu mchezo huu una uwanja mmoja unaovizidi vingine vyote kwa uzito. Indianapolis Motor Speedway una mzunguko wa maili 2.5, na tangu mwaka 1911 hufanyika pale mbio za maili 500 ambazo kwa kawaida hushirikisha magari 33. Timu inaweza kushinda kwingineko mwaka mzima, lakini ikikosa Indianapolis wadhamini wake watauliza walilipia nini. Kwa hiyo anayeshika lango la uwanja huo ana sauti hata kwenye mbio zinazofanyika mamia ya maili kutoka hapo.

Lango hilo lilinunuliwa na Tony Hulman mwaka 1945. Chama cha madereva na magari cha Marekani, AAA, kilipojiondoa katika usimamizi wa mbio baada ya vifo vya mwaka 1955, Hulman alisaidia kuundwa kwa USAC, chombo kilichoanza kusimamia mbio mwaka 1956. Alifariki Oktoba 1977. Miezi michache baadaye, tarehe 23 Aprili 1978, ndege ndogo ilianguka karibu na Indianapolis na kuua maofisa wanane wa USAC waliokuwa wakirudi kutoka mbioni. Andika matukio hayo mawili pembezoni mwa karatasi yako, kwani uasi uliofuata hauelezeki vizuri bila pengo lililoachwa na watu hao.

Uasi wenyewe ulianza kwa maandishi. Dan Gurney, dereva aliyegeuka kuwa mmiliki wa timu, aliwaandikia wenzake mwaka 1978 waraka uliolalamikia zawadi ndogo, matangazo dhaifu ya televisheni na gharama zilizopanda, akapendekeza wamiliki waungane kama walivyokuwa wamefanya wenye timu za Formula 1. Namheshimu Gurney kwa waraka ule, maana alisema waziwazi alichokitaka na akaweka jina lake. Roger Penske, Pat Patrick na wamiliki wengine wakaunda CART, chombo chao wenyewe cha kuendesha mbio, na mbio zake za kwanza zikafanyika Phoenix Machi 1979. USAC ikajibu kwa kukataa maombi ya timu sita za CART kushiriki Indianapolis mwaka huo. Timu zikaenda mahakamani, mahakama ikaamuru ziruhusiwe, na Rick Mears akashinda mbio akiwa na gari la Penske.

Sasa itazame karatasi. Katika CART, waliokaa kwenye bodi ya kutunga kanuni ndio hao hao waliokuwa na magari barabarani. Mwaka 1979 timu zilichukua kitabu cha kanuni; miaka 17 baadaye uwanja ukakichukua; na tangu mwaka 2020 mtu mmoja ameshika vyote vitatu. Ukiyaweka hayo akilini, habari nyingi zinazoonekana kuwa ugomvi wa watu binafsi zitajipanga zenyewe.

Soma hesabu iliyofichwa ndani ya kanuni

Hotuba za viongozi zisome baadaye. Tafuta kwanza tarakimu katika kanuni mpya, na ujiulize nani anabaki nje zikitumika. Mfano bora ni wa mwaka 1996. Tony George, mjukuu wa Hulman, alikuwa rais wa uwanja tangu mwaka 1990, na mwaka 1994 alitangaza kuanzisha ligi yake, Indy Racing League au IRL. Sababu alizozitoa zilikuwa na uzito: gharama zilikuwa kubwa mno, na vijana wa Marekani waliokulia kwenye viwanja vidogo vya duara walikuwa hawapati nafasi. Mimi huamini kwamba aliyasema hayo kwa dhati. Lakini kanuni iliyovunja nyumba ilikuwa na tarakimu mbili tu: katika nafasi 33 za Indianapolis, 25 zilitengewa magari yaliyoongoza kwa pointi za IRL, na nane ndizo zilizobaki kwa mtu mwingine yeyote. Pointi zenyewe zilitokana na mbio mbili tu, moja ya Januari huko Walt Disney World, Florida, na nyingine ya Machi huko Phoenix. Timu ya CART iliyotaka uhakika wa kuingia ililazimika kwenda kwenye ligi ya mpinzani wake, na CART iliiona kanuni hiyo kama kufungiwa mlango.

CART ikaandaa mbio zake, US 500, katika uwanja wa Michigan, siku ile ile ya tarehe 26 Mei 1996. Ilitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba madereva bora wako kwake. Magari yalipangwa matatu matatu kama desturi ya Indianapolis, na yalipokuwa yakikaribia bendera ya kijani, magari ya mstari wa kwanza yaligusana. Yaliyofuata nyuma hayakuwa na pa kupita, na zaidi ya magari 10 yakaharibika kabla mbio hazijaanza kuhesabiwa. Jimmy Vasser, aliyekuwa ameanza nafasi ya kwanza, alihamia gari la akiba na hatimaye akashinda. Upande wa Indianapolis, ambako madereva 17 walikuwa wakishiriki kwa mara ya kwanza, mshindi alikuwa Buddy Lazier, ambaye mgongo wake ulikuwa haujapona kutokana na ajali ya Phoenix miezi miwili nyuma. Wanaume wawili walishinda kwa ujasiri wa kweli siku moja, na kila mmoja alipewa ushindi ambao nusu ya mashabiki hawakuutambua. Kwangu hilo ndilo lililokuwa baya kuliko magari yaliyovunjika.

Tazama miguu

Mgawanyiko ukishatokea, taarifa kwa vyombo vya habari hupungua thamani. Tengeneza orodha ya tarehe za kuhama, na uiamini kuliko matamko. Kwanza fuatilia jina: CART ilikuwa ikitumia jina IndyCar kwa idhini ya uwanja, idhini ikaisha kwa kesi, na pande zote mbili zikakubali kutolitumia hadi mwisho wa mwaka 2002. Kwa miaka kadhaa mchezo haukuwa hata na jina lake. Kisha fuatilia mtaji: Machi 1998 CART iliuza hisa zake katika soko la New York, na tangu siku hiyo wamiliki wa timu walipaswa kuwaridhisha wanahisa, wadhamini na mafundi wao kwa wakati mmoja.

Baada ya hapo miguu ikaanza kusema. Mwaka 2000 Chip Ganassi, mmiliki wa timu ya CART, alirudi Indianapolis na dereva wake Juan Pablo Montoya akashinda. Mwaka 2001 Penske akafuata, na Hélio Castroneves akashinda. Mwaka 2002 Penske akaihamishia timu yake yote IRL, na mwaka 2003 Honda na Toyota nazo zikapeleka injini zao huko. Aliyeishika orodha hiyo hakushangaa CART ilipofilisika. Januari 2004 mahakama ya ufilisi iliyoko Indianapolis kwenyewe ilikataa ombi la IRL la kununua mabaki, ingawa fedha zake taslimu zilikuwa nyingi zaidi, ikayakabidhi kwa kundi la Gerald Forsythe, Kevin Kalkhoven na Paul Gentilozzi, waliokubali kubeba wajibu wa mikataba iliyokuwepo. Waliyaendesha mabaki hayo kwa jina la Champ Car hadi Februari 2008, ambapo pande zote ziliungana chini ya IRL.

Usidhani kuungana kulimaliza mambo. Mwaka 2009 familia ya George, iliyokuwa na sauti katika bodi, ilimwondoa kwenye uongozi wa uwanja. Randy Bernard, aliyeletwa mwaka 2010 kutoka mchezo wa kupanda mafahali, alieleza hadharani Mei 2012 kwamba mmiliki mmoja wa timu alikuwa akiwapigia wenzake simu ili aondolewe, na Oktoba mwaka huo akaondoka. Kiongozi asiye na uwanja wala timu hukaa kwa hisani ya walio navyo. Ukimwona mtu wa namna hiyo amewekwa juu, andika tarehe ya kuingia kwake na uache nafasi ya tarehe ya kutoka.

Uliza rufaa inasikilizwa na nani

Hapa nakaa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu ndipo mashabiki wengi wanapopotea. Matokeo yanapobishaniwa, watu hutazama video mara mia. Video itazame, lakini kabla yake soma ngazi za rufaa.

Linganisha kesi mbili. Mwaka 1981 Bobby Unser wa Penske alimaliza wa kwanza Indianapolis. Asubuhi yake matokeo yaliyobandikwa yalimweka Mario Andretti juu, kwa kuwa Unser alikuwa ameyapita magari kadhaa alipotoka kujaza mafuta wakati wa bendera ya njano, ishara ya hatari inayozuia magari kupitana. Kesi ilikwenda mbele ya jopo la watu watatu la USAC, na Oktoba, takriban miezi mitano baadaye, jopo likamrudishia Unser ushindi na kumtoza faini ya dola 40,000. Mtu anaweza kupinga uamuzi huo, lakini ulitolewa na jopo lililosikiliza pande zote mbili.

Mwaka 2002 Paul Tracy alimpita Castroneves katika mzunguko wa 199, sekunde ambazo ajali ilikuwa ikitokea kwingine uwanjani na taa za njano zikiwaka. Waamuzi wakasema taa ziliwaka kabla. Timu ya Tracy ilikuwa ya CART, na ilikata rufaa. Aliyeisikiliza rufaa ya mwisho alikuwa Tony George, mwenye ligi na mkuu wa uwanja. Julai mwaka huo aliikataa, kwa hoja kwamba kuwasha bendera ya njano ni uamuzi wa papo hapo wa waamuzi na haukatiwi rufaa. Huenda waamuzi walikuwa sahihi; mimi mwenyewe nimeziangalia picha zile mara nyingi na sithubutu kumlaumu anayewakubali. Lakini kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani, na kwa hiyo mpaka leo kuna watu wazima wanaosema Tracy aliibiwa. Hukumu ikikusudiwa kumaliza ugomvi, anayeitoa asiwe na maslahi yanayoonekana kwa macho.

Sasa uje kwenye wakati wetu. Novemba 2019 Penske alitangaza kununua uwanja na ligi kutoka kampuni ya familia ya Hulman, na umiliki ukakamilika Januari 2020. Alisema ataacha kuketi kwenye kibanda cha mkakati cha timu yake, jambo lililomgharimu, maana alikuwa ameketi hapo kwa miongo mingi. Hata hivyo jina lake likaingia katika safu zote tatu. Ukitaka kujua uzito wa hali hiyo, zichunguze kesi mbili kwa karibu.

Ya kwanza ni ya kitufe. Gari la IndyCar lina kitufe kwenye usukani kinachompa dereva nguvu ya ziada kwa sekunde chache, na kanuni inakizuia wakati wa kuanza na kuanza upya hadi gari livuke mstari uliowekwa. Asubuhi ya mbio za Long Beach, Aprili 2024, hitilafu ya mawasiliano ilikizima kitufe hicho kwa magari yote, isipokuwa matatu ya Penske. Waamuzi walipochunguza kumbukumbu za mbio za St. Petersburg za Machi, wakakuta Josef Newgarden alikitumia mara tatu kwa jumla ya sekunde tisa, na Scott McLaughlin mara moja kwa sekunde 1.9. Newgarden akanyang'anywa ushindi, ukapewa Pato O'Ward. McLaughlin akafutiwa nafasi ya tatu. Will Power, ambaye hakukitumia, akakatwa pointi 10. Timu ilisema ni programu ya majaribio iliyosahaulika ndani ya magari.

Ya pili ni ya mwaka uliofuata, tarehe 18 Mei 2025, siku ya kufuzu Indianapolis. Nyuma ya gari hufungwa kipande kinachopunguza makali ya mgongano, na vipande hivyo hutoka kwa mtengenezaji mmoja ili viwe sawa kwa wote. Kwenye magari ya Newgarden na Power, mwanya wa maungio ulikuwa umejazwa na kulainishwa hadi hewa ipite bila kukwama. Ni kasoro unayoweza kuifunika kwa kidole. Washindani wakaiona kwa macho wakiwa foleni, wakaanza kuulizana kwa sauti, na picha za gari lililoshinda mwaka 2024, lililokuwa katika jumba la makumbusho, zikachunguzwa pia. Magari yote mawili yakapelekwa mkiani mwa msafara, kila moja likatozwa faini ya dola 100,000, na tarehe 21 Mei Penske akawafukuza Tim Cindric, Ron Ruzewski na Kyle Moyer, nguzo za timu yake.

Zingatia namna ya kuisoma adhabu hiyo. Kwenye timu isiyo na kofia ya pili, faini na kusukumwa nyuma vingeweza kutosha. Hapa mmiliki hakuweza kusamehe hata kama alitaka, kwa kuwa msamaha wake ungeonekana kama hukumu ya ligi. Ndiyo maana baada ya tukio hilo ligi ilianza kuzungumzia waamuzi wanaojitegemea. Cindric alikuwa na timu tangu mwisho wa miaka ya 1990, na naamini alilipa kwa sehemu gharama ya muundo ambao hakuuunda yeye.

Mikataba ya madereva na waliokosa kiti

Ugomvi wa dereva na timu unahitaji jicho tofauti kidogo. Timu ikitoa taarifa yenye maneno ya dereva, nenda kwenye kurasa zake mwenyewe ukaone kama ameyarudia. Tarehe 12 Julai 2022 timu ya Ganassi ilitangaza kwamba Álex Palou atabaki nayo mwaka 2023. Saa chache baadaye Palou akaandika kwamba hakuidhinisha taarifa hiyo wala maneno aliyopewa, na siku hiyo hiyo timu pinzani ya McLaren ikatangaza kwamba ni dereva wake. Kilichofuata kilikuwa kesi katika mahakama ya Indiana, kisha maelewano ya Septemba: abaki kwa Ganassi mwaka 2023, na aruhusiwe kujaribu gari la Formula 1 la McLaren. Kiini kilikuwa kifungu kinachoipa timu haki ya kuongeza mwaka bila kusubiri ridhaa ya dereva. Katika habari yoyote ya mkataba, tafuta kifungu hicho kabla hujamwita mtu msaliti.

Mwisho, watazame wasio na kiti. Septemba 2024 ligi iligawa hati 25 za nafasi ya kudumu kwa timu 10, zisizidi tatu kwa kila timu, zinazohakikisha gari kuanza kila mbio isipokuwa Indianapolis 500. Ganassi, aliyekuwa na magari matano, akabaki na matatu. Timu mpya ya Prema haikupata hata moja. Mei iliyofuata, katika mbio pekee ambazo hati hizo hazina nguvu, Robert Shwartzman wa Prema alifuzu wa kwanza Indianapolis akiwa mgeni.

Karatasi ya sasa inahitaji safu ya nne. Julai 2025 kampuni ya Fox, inayotangaza mbio hizi kwenye televisheni ya Marekani, ilinunua theluthi moja ya kampuni ya Penske inayomiliki uwanja na ligi. Mbio za Indianapolis huanza karibu saa mbili kasorobo usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na wengi wetu tunazifahamu kwa sauti ya mtangazaji. Uamuzi wenye utata ukitolewa, punguza sauti hiyo, fungua waraka wa waamuzi, na uweke namba ya kanuni iliyotajwa kando ya majina uliyoyaandika.